Filimbi ya Baba na Yadi Mia Moja

Nikisikia harufu ya mafuta ya kafuri, namwona baba akikanda goti lake mlangoni mwa nyumba yetu ya chuo, karibu na Njoro. Goti hilo liliumia alipokuwa akichezea timu ya mpira ya reli. Timu ilipomwacha, chuo cha ualimu kilimchukua kwa majaribio awafundishe wanafunzi mbio fupi. Mkuu wa chuo alimwambia wazi: alete ushindi mmoja kutoka mashindano ya Nakuru, la sivyo arudi alikotoka. Alikotoka ni shamba la mzungu kule Rongai, ambako hakukuwa na shule ya kunipokea.

Baba alifundisha mbio kama mtu wa mpira: aliwaanzisha kwa filimbi. Akipuliza, Kariuki, mwanafunzi mrefu mpole, alikuwa ameshatoka wenzake wakiinuka.

Mimi, bintiye, niliwahi kupelekwa na shule kutazama michezo Nakuru, nikaona mbio zikianzishwa kwa bastola. Nilidhani nyumbani kwetu nalijua hilo peke yangu. Kila jioni nilimpelekea baba maji ya kunawa, neno likiwa mdomoni.

"Una nini, mama?"

"Hakuna, baba."

Kwetu mtoto hakumfundisha mzee kazi yake, tena mimi nilikuwa na haya hata ya kuomba chumvi.

Siku ya mashindano ikafika, mbio za yadi mia moja. Bastola ikalia, watano wakatoka mbio. Kariuki alilala kifudifudi, mikono kichwani. Ilikuwa miaka ya Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, na kwao bunduki ikilia ulilala chini.

"Mleteeni blanketi!" mtu akapaza sauti. "Mwalimu, huyu umemfundisha kulala!"

Watu walicheka wakashikana mabega. Baba alivuka uwanja akichechemea, akaketi chini kando ya Kariuki, suti yake ya Jumapili ikiwa mwilini, mpaka kijana alipoweza kusimama.

Wiki hiyo hiyo tulihamia Rongai. Sikurudi darasani. Kwa miaka mingi niliamini kimya changu ndicho kilichotufukuza.

Kwenye mazishi ya baba, Kariuki alikuja, mwalimu mwenye mvi. Nikamwomba msamaha, nikamweleza. Akatikisa kichwa.

"Dadangu, mzee alijua habari ya bastola. Alinichukua kando akagonga mbao mbili zilie kama bastola, mara moja tu. Nikaanguka, nikajikojolea. Kaka yangu alipigwa risasi nikiwa karibu naye. Mzee hakugonga tena. Akaniuliza, 'Niweke mwingine mahali pako?' Nikamsihi aniache nikimbie."

Kwa hiyo baba aliijua hatari, nayo nyumba yetu na shule yangu zilikuwa ndani yake, akamwacha Kariuki ajaribu. Nimekaa na jambo hilo muda mrefu. Kuna siku nampenda baba zaidi kwa sababu yake. Kuna siku wajukuu huniletea barua niwasomee, nikakwama katikati, na siku hizo simsamehe upesi.