Vipimo vya Nyota Alivyoviacha Binti Yangu

Siku ya kuanua matanga, mimi ndiye niliyegawa vitu vya binti yangu. Kwetu bara, shangazi wa marehemu huchagua kwanza. Dada yangu, mwenye duka la fotokopi Chang'ombe, alichagua kompyuta. Nikampa.

Binti yangu alikuwa anasomea nyota, shahada ya juu kabisa. Mimi nimeishia darasa la saba, nakereza vyuma karakanani, kwa hiyo alinieleza kwa mashine ninayoijua. Kuna nyota za moto mkali, alisema, zinazunguka kasi mno, kama chuma kwenye mashine yako ya kukereza, hadi gesi inachomoka kiunoni na kutanda kama sahani. Ziko mbali, darubini moja huona nukta tu. Wenzake wa ng'ambo hutenganisha darubini kadhaa, kisha huuchanganya mwanga zilioupokea, ikatokea mistari ya giza na nuru. Yeye, mezani kwetu Temeke, aliisoma mistari ile akapata upana wa sahani.

"Kwa hiyo umeiona?"

"Sijaiona, baba. Nimeipima."

"Unapima usichokiona? Mie mteja angenirudishia chuma changu."

"Wewe kereza, mzee. Nyota niachie mie."

Kabla mwaka haujaisha, ini likamuua.

Baada ya matanga mwalimu wake alipiga simu. Alitoa pole, kisha akaiulizia kompyuta. Vipimo ghafi viko kwa wenye darubini, alisema, ila hesabu zake za miaka mitatu zimo humo tu. Akizipata atazimalizia, zitoke kwa jina la marehemu.

Nikaenda Chang'ombe. Dada yangu alikuwa anatoa kopi za vyeti.

"Mafaili ya mtoto yapo?"

"Mafaili gani tena, kaka? Ilikuwa nzito hiyo! Fundi kafuta vyote, kaipiga windo mpya, sasa inakimbia kama..." Akaniona uso. "Si ungesema, jamani."

Fundi alihangaika nayo siku nzima. Alizirudisha picha tatu za harusi ya jirani. Hesabu, hakupata hata moja.

Nilipompigia mwalimu nilitaka kusema imeibiwa. Nikamwambia niliigawa mwenyewe, bila kuuliza kilichomo. Akasema kazi ile atapewa mwanafunzi mwingine, aanze mwanzo.

"Na jina la mwanangu litakuwepo?"

"Mzee," alisema, "sitaki nikudanganye."