Redio ya Mbao na Kaka wa Spesioza

Nichekeni taratibu, maana kijiji chetu kizima cha Bukiriro kimeshanicheka. Juzi niliingia kwenye makumbusho ya habari, chumba kimoja tu mjini Ngara, chenye magazeti yaliyogeuka manjano na redio kubwa ya mbao. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka madirishani. Nilikaa kwenye benchi, nikawa kama naelea.

Mara redio ikasema polepole, kama mtu aliye ng'ambo ya mto: "Mimi ni Melkiori, mkimbizi. Namtafuta dada yangu Spesioza wa Muyinga, Burundi. Tulipotezana njiani."

Spesioza huyo ni jirani yangu. Sikumuuliza mtu chochote. Nilidandia baiskeli, nikapandisha milima yote nikilia, nikijiona malaika aliyetumwa.

Nilimkuta anapukuchua maharage na kaka yake, fundi baiskeli, ambaye sote tunamwita Fundi tu.

"Dada, Melkiori anakutafuta. Nimemsikia redioni sasa hivi, yuko hai."

Fundi akainua kichwa. "Ile kanda ya zamani ndiyo iliyotukutanisha," akasema. "Kumbe bado wanaipiga."

Spesioza akamgeukia. "Umesikia, Melkiori? Uko hai."