Swala wa Mwarobaini Mbele ya Kamati ya Misitu

Niliondoka nyumbani kwetu, upande wa Mwala, kwa sababu kazi yetu ya kuchonga vinyago ilikuwa karibu kufa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Mpingo na muhugu, miti ya kuchonga tuliyoachiwa na baba zetu, ilikuwa imetuishia, na kundi letu la wachongaji lilikuwa limehamia kwenye mwarobaini, ambao watu huupanda mashambani. Ndipo chifu akatangaza barazani kwamba serikali imeunda kamati ya wataalamu wa kuishauri jinsi ya kuutunza msitu wa milimani. Pendekezo moja lililokuwa mezani lilikuwa kupiga marufuku usafirishaji wa magogo yote ya kuchonga, hata ya shambani. Sababu yao ilieleweka: gogo likishafika barabarani, askari hawezi kujua limetoka wapi. Hata hivyo kamati ilitaka kwanza kuwasikia wanaoitumia miti. Kundi likanituma mimi, katibu, pamoja na Mutiso, mchongaji wetu bora, ambaye pia ni kaka wa mke wangu.

Asubuhi ya safari, Mama Ndinda alitusindikiza hadi barabarani. Yeye ndiye aliyepanda miarobaini tuliyokusudia kuinunua, na gunia letu la vinyago lilibebwa na mkokoteni wa punda wake.

"Miti yangu imekomaa," alisema. "Mkirudi na neno baya, nitaichoma makaa. Siwezi kuiangalia tu kama picha ukutani."

"Usichome bado, Mama," nikamwambia.

"Basi muongee vizuri. Na huyu Mutiso asifanye mzaha mbele ya wazungu."

"Si wazungu, Mama," Mutiso akamjibu. "Ni watu kama sisi, tena wengine ni Wakamba. Wako na digrii tu."

Tulipata nafasi kwenye pikapu iliyopeleka mbuzi sokoni. Mutiso alilipakata gunia kama mtoto mgonjwa na hakuniruhusu kulifungua. "Utaona huko, shemeji," alisema. "Nimevitengeneza viwe vya kuonekana na watu wakubwa." Maneno hayo yalinipa wasiwasi kidogo, lakini vumbi lilikuwa jingi, nikajifunika uso kwa leso.

Njiani tulipita mito iliyokauka ikabaki mchanga, ambako akina mama walikuwa wakifukua visima nyuma ya kuta za kuzuia mchanga. Baadaye barabara ilianza kupanda, matuta ya mashamba yakaonekana, na juu yake vilima vyenye miti. Nilikuwa nimesoma katika kijitabu kimoja kwamba maji ya mabonde huanzia kwenye misitu ya juu, lakini kusoma ni jambo moja, na kuuona msitu na mto kavu katika safari moja ni jambo jingine. Nilifika mjini nikiwa sina tena hasira na kamati ile. Kama msitu ungekwisha, hata miarobaini ya Mama Ndinda isingekuwa na maji.

Machakos mjini tulipokelewa na Bwana Salim, anayeuza vinyago katika duka karibu na msikiti. Babu yake alitoka Pwani, lakini yeye huongea Kikamba kutushinda. Alitupa chai na mahamri, na chumba cha kulala.

"Kesho wakiwauliza kitu msichokijua, semeni hamjui," alituambia. "Mtu akiniongopea dukani mara moja, siku ya pili nampima kwa macho."

Mutiso alichukua hamri jingine.

Siku iliyofuata tuliketi katika ukumbi wa kanisa. Kamati ilikaa nyuma ya meza ndefu. Mwenyekiti alikuwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya misitu, na kando yake aliketi Daktari Mumbua, mtaalamu wa mimea. Walikuwapo pia mtaalamu wa maji na wengine waliosikiliza zaidi kuliko kusema.

"Sisi hatuamui," mwenyekiti alianza. "Tunashauri. Tukikosea sisi, wanaoamua watakosea pia. Kwa hiyo tusaidieni tusikosee."

Nilisimama nikaeleza kwamba hatugusi tena miti ya msituni, kwamba mwarobaini hukua haraka, unatoka mashambani na unatambulika kwa kuutazama, na kwamba marufuku ya jumla ingemfanya mkulima aukate kwa makaa. Wakaandika. Nikaona mambo yanakwenda vizuri. Mutiso akafungua gunia na kupanga vinyago mezani.

Vyote vilikuwa vyeusi, viking'aa.

Daktari Mumbua aliinua kinyago cha swala, akakigeuzageuza, kisha akaviangalia vidole vyake mwenyewe. Vilikuwa vyeusi pia.

"Huu ni mpingo?" aliuliza.

"Hapana, Daktari. Ni mwarobaini," Mutiso akasema. "Nimempaka rangi ya viatu kidogo, asionekane maskini mbele ya wageni."

Ukumbi ulicheka. Mwenyekiti hakucheka.

"Mzee Mutiso, kazi yako ni nzuri sana," alisema polepole. "Lakini ikiwa ninyi wenyewe mnaufanya mwarobaini ufanane na mpingo, askari wa barabarani angetofautisha vipi? Mmekuja kutuambia miti hii inatambulika."

Akilini nikamwona Mama Ndinda akiwasha tanuri la makaa. Wachongaji wote hupaka rangi ile, kwa sababu watalii hupenda weusi, na hatukuwahi kuiona kuwa ni kosa. Nikakumbuka maneno ya Salim.

"Hilo sijui, Mzee," nikasema.

Daktari Mumbua hakutuacha hapo, na kwa hilo nitamshukuru daima. Aliagiza mafuta ya taa na kitambaa, akampa Mutiso. Mutiso akasugua, jasho likimtoka, mpaka ubavu wa swala ukaonyesha ubao wa kahawia wenye mistari myembamba. Daktari akauangalia kwa kioo chake cha kukuzia, akakipitisha kwa wenzake mmoja mmoja. Hata mwenyekiti alivua miwani.

"Mpingo hauko hivi hata kidogo," alisema Daktari. "Wachongaji wakiacha kitako cha kila kinyago bila rangi, na gogo likisafiri na maganda yake pamoja na barua ya chifu wa kwao mkulima, mtu aliyefundishwa ataweza kutambua. Mnaweza kukubali hilo?"

"Mteja hanunui kitako," Mutiso akanong'ona.

"Basi hatapoteza kitu," Daktari akajibu. Alikuwa amemsikia.

Tuliporudi Mwala siku iliyofuata hatukuwa na ahadi yoyote; kamati ilikuwa bado na watu wengine wa kusikiliza. Mutiso aliketi nyuma ya pikapu, akatoa kisu, akaanza kukwangua kitako cha kinyago kimoja baada ya kingine.

"Hawajaamua bado," nikamwambia.

"Najua, shemeji. Kaa upande ule, vumbi linakuingia."

Miezi ilipita ndipo chifu akatusomea barazani: ushauri wa kamati ulikubaliwa. Msitu wa milimani ulifungwa kwa wakataji, na miti ya mashambani ikaruhusiwa kupita kwa masharti yale. Nilijifunza kwamba kamati isiyo na mamlaka ya kuamuru ina kitu kimoja tu cha kutoa, nacho ni ushauri ulio sahihi, na ndiyo maana ilituvumilia hata tulipoiharibu kesi yetu wenyewe.

Mzigo wetu wa kwanza kwenda kwa Salim ulisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani. Askari alichukua tembo mweusi, akamgeuza, akaangalia kitako chake cha kahawia, akamrudisha taratibu mahali pake.

"Mwarobaini," alisema. "Piteni."

Mama Ndinda, aliyekuwa ameketi kando ya dereva, alimpa mkono dirishani. "Ni muvea, mwanangu," alimwambia kwa Kikamba. Asante.