Newton Sitini za Juma

Nakumbuka siku moja ya mavuno ya mpunga kule Usevya, siku niliyochinja kuku kwa furaha ya kijinga. Mwanangu, sogea nikusimulie, na ukicheka ucheke taratibu, maana mume wangu yumo humo ndani anasikia.

Juma, kifungua mimba wangu, alikuwa na miezi minane, na alikuwa ameharisha karibu wiki nzima. Siku ya kliniki mimi nilibanwa na shamba, nikamwachia baba yake ampeleke kupimwa. Huyu Maganga wangu alikuwa na kidato chake cha nne, na fizikia ilikuwa bado ya moto kichwani. Ukimwomba akutwishe ndoo ya maji, anakueleza kwanza inavyovutwa na dunia, na shingo yako inangoja.

Jioni nikamuuliza mtoto ana kilo ngapi. Akakohoa.

"Kitaalamu, mke wangu, uzito haupimwi kwa kilo. Uzito ni nguvu, unapimwa kwa newton. Juma ana newton sitini."

Sitini! Na mwezi uliopita alikuwa na saba. Nikapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Nguo za mtoto zilikuwa zinampwaya, nami nilishaona, lakini nikajiambia zimelegea kwa kufuliwa. Moyo ukitaka kudanganywa hauhitaji msaada.

Kuku akaiva, tukakaa. Mama mkwe, mwanamke wa Kikonongo asiye na papara, akampakata Juma, akamtazama weee, kisha akamgeukia mwanawe.

"Maganga, mwezi uliopita huyu mtoto alikuwa na hizo nyutoni ngapi?"

Maganga akaacha kutafuna. Akazidisha kila kilo kwa kumi, midomo ikicheza.

"Sabini," akasema, kwa sauti ndogo.

"Mwezi uliopita sabini, leo sitini. Sasa hapa tunakula kuku wa nini?"

Kumbe muuguzi alishamwambia kwamba mtoto amepungua kilo nzima, na kesho asubuhi mama yake aje naye bila kukosa. Maganga akaniogopa, akajificha nyuma ya fizikia. Nilitaka kumrushia mwiko, nikaishia kulia. Mama mkwe alisema tu, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Kisha akaliondoa paja kwenye sahani ya Maganga, akaniwekea mimi ninayenyonyesha.

Asubuhi tulikuwa zahanati sote. Wakamtibu, wakatufundisha na uji wa kumlisha, na kilo zikarudi polepole. Leo Juma ni baba wa watoto.

Basi, mwanangu, ukitajiwa namba ya kukufurahisha, uliza ni ya kipimo gani, na kwa kipimo hichohicho jana ilikuwa ngapi. Newton haikukosea, tuliokosea ni sisi, tuliopima mwezi mmoja kwa kilo na mwezi wa pili kwa aibu. Na ukiwa na habari mbaya, ipeleke kwa maneno anayoyaelewa mwenye mtoto, tena upesi.

Mungu akujalie watoto wenye afya. Na siku afya itakapoyumba, akujalie mtu wa kukwambia kabla hujachelewa.