Chai Aliyoionja Dada

Jumamosi ya pili ya Februari, mwaka 1996, asubuhi, nilikuwa nimeketi mezani katika fleti yangu ya Columbia Heights, huku ughaibuni, mbele ya karatasi yenye maneno mawili tu: Dada, shikamoo. Hiyo ilikuwa barua yangu ya tatu. Mbili za kwanza, nilizozituma katika muda wa miaka minne, hazikujibiwa, wala sikuwa na haki ya kushangaa.

Mama yetu alipofariki, nilisafiri hadi Kilimanjaro nikafika siku mbili baada ya maziko. Dada yangu, ndugu yangu wa pekee, ndiye aliyeamua wasinisubiri. Umeme ulikuwa umekatika mochwari. Hapakuwa na namna. Akili ilikubali, moyo ukakataa. Siku ya kuondoka kwangu aliniletea chai katika kikombe cha mama, kile cha bati jeupe chenye ukingo wa buluu. Akaonja kwanza mbele yangu, kama desturi yetu inavyomtaka mwenye nyumba, ili mgeni ajue hakuna baya lililotiwa ndani. Kisha akaninyooshea. Shangazi na majirani wakiwa wanatazama, nikasema, "Nimeshiba." Hapakuwa na mtu asiyeelewa maana yake. Dada akakichukua kikombe, akaenda kuimwaga chai ile kwenye migomba, na hakurudi kuniaga.

Kengele ya mlango ikanitoa mezani. Chini alikuwa rafiki yangu, Mkenya, muuguzi katika hospitali moja ya Maplewood. Mwaka uliopita alikuwa amemhudumia mzee mmoja wa Kijapani hadi pumzi ya mwisho, na sasa mjane wake, mwalimu wa sherehe yao ya chai, alikuwa amemwalika nyumbani kwake Saint Paul, aje na mwenzake mmoja.

"Mwalimu, toka haraka, gari itazima," alisema. Jina hilo alinipa kwa sababu niliwahi kufundisha sekondari. "Na usivae buti za kamba. Nimeambiwa huko viatu vinatoka."

Chumba cha chai kilisimama peke yake nyuma ya nyumba, katikati ya theluji. Marehemu alikuwa amekijenga kwa mikono yake. Tuliifuata njia ya mawe yaliyofagiliwa, tukanawa mikono na kusukutua kwa maji ya uvuguvugu yaliyowekwa kwenye jiwe lililochongwa, tukafika mlangoni. Nauita mlango, ingawa ulikuwa tundu la mraba lisilofika kiunoni.

"Haki, hii ni ya kuku," rafiki yangu alininong'oneza. "Ukikwama nitakusukuma kutoka nyuma."

"Nyamaza, mama wee. Ni nyumba ya marehemu."

Tuliingia kwa magoti, vichwa chini. Ndani hapakuwa na kiti wala meza. Sakafu ilikuwa ya mikeka minene iliyonukia majani makavu, na dari ilikuwa karibu kiasi kwamba mtu alishusha sauti bila kuambiwa. Nguzo moja ilikuwa imeachwa na gome lake. Kwenye kishubaka palitundikwa karatasi ya maandishi, na chini yake tawi moja lisilo na ua. Mwanga ulipita kwenye madirisha ya karatasi, mweupe, usio na kivuli. Birika la chuma lilichemka juu ya makaa, ndani ya shimo la mraba sakafuni.

Mwenyeji wetu alikuwa mwembamba, na mvi zake alikuwa amezifunga nyuma. Alikifuta kila chombo mbele yetu, hata kilichokuwa safi, kwa utulivu wa mtu anayemvisha mtoto nguo. Akatia unga wa kijani ndani ya bakuli jeusi, akamimina maji, akaupiga kwa kijiti cha mianzi kilichochanwa-chanwa hadi povu likasimama. Akaliweka bakuli mbele yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mkubwa kwa umri, akainama.

Niliinama. Nikangoja. Naye akangoja. Hatimaye, bila kufikiri, nikalinyanyua bakuli kwa mikono miwili na kumrudishia.

Rafiki yangu alinigusa goti. "Kunywa, bwana! Unafanya nini?"

"Ni moto sana?" mwenyeji aliuliza kwa Kiingereza chake cha taratibu.

Nikaona haya. Nikamwambia kwamba kwetu anayetoa kinywaji ndiye huonja kwanza.

"Kwa nini?"

"Ili mgeni asiwe na shaka naye."

Alilitazama bakuli. "Katika utaratibu wetu mwenyeji hanywi," alisema. "Nimefundisha wengi, na sijawahi kuombwa hivi." Nilikuwa natafuta maneno ya kuomba radhi alipolichukua, akanywa funda moja dogo, akapangusa ukingo kwa kitambaa cheupe, akaligeuza bakuli upande wake mzuri uniangalie, akaliweka tena mbele yangu. Alikuwa ameivunja sheria aliyoitumikia maisha yake yote, ndani ya chumba cha mumewe, kwa ajili ya mtu asiyemjua.

Nilikunywa yote. Ilikuwa chungu, nzito, haina sukari hata chembe, nami sikuacha tone.

Tuliporudi, rafiki yangu hakunisamehe hadi tulipokaribia kwangu.

"Nyinyi Watanzania na heshima zenu! Umefanya mama wa watu avunje sheria. Na angekataa kuonja?"

"Ningekunywa tu."

"Sasa ulikuwa unamsumbulia nini?"

Nilikuwa namwona dada yangu akikiinua kikombe cha mama, kope zake zikiwa zimevimba kwa kilio, akinywa funda lile kwa ajili yangu. Mtu baki alinionjea nikanywa. Dada yangu wa damu alinionjea nikakataa.

Barua niliimaliza baada ya wiki tatu, nikaituma Machi barafu ilipoanza kulegea. Nainakili kama ilivyokuwa.

Dada, shikamoo.

Katika barua zangu mbili za kwanza nilikueleza jinsi nilivyoumia. Wewe ndiye uliyemwosha mama, na mimi sikuuliza hata mara moja wewe uliumia vipi. Chai yako haikuwa na baya. Nililijua hilo nilipokuwa nakataa, na nilitaka watu waone nikikataa. Hilo ndilo kosa langu, wala sitalipunguza.

Nitakuja Desemba. Usipotaka kunijibu, nitakuja vilevile, nami nitakaa nje hadi utakapofungua. Ukinifungulia, nakuomba chai katika kikombe kile cha bati, kama bado kipo. Safari hii usionje.

Mdogo wako.