Ndama wa Kamugisha

Mama Mukantabana alikuwa na jibini mpaka chini ya kitanda. Rafu za kibanda zilijaa tangu vita vilipofunga njia ya kwenda mjini Goma, na ile ya Walikale pale kijijini Kalembe. Ng'ombe hawajui vita, waliendelea kutoa maziwa, naye akaendelea kuyagandisha, maana kwao kumwaga maziwa ni kujiitia mkosi. Kila asubuhi aliyageuza majibini yake moja moja na kuyapangusa kwa maji ya chumvi, kama mama anayegeuza watoto waliolala.

Mnunuzi wake alikuwa Kamugisha, mfanyabiashara wa Kampala aliyezaliwa kwa wafugaji wa Mbarara. Walipoanza kazi pamoja hawakwenda kwa notari kuandikiana mkataba. Mukantabana alimpa mtamba, Bihogo, na kwa vile mgeni hangeweza kuvuka naye mpaka, ng'ombe huyo alibaki hapo hapo malishoni kwa jina la Kamugisha. Kwa watu wa ng'ombe huo ni undugu: ndama jike wa kwanza humrudia aliyetoa, akikabidhiwa na aliyepewa, na kabla hajarudi hakuna anayemwacha mwenzake.

Sasa Kamugisha alikuwa ametuma ujumbe. Hoteli anazoziuzia jibini hazingoji, kesho anaandikiana mkataba na mtengeneza jibini wa kwao. Sebagabo, mume wa Mukantabana, alisema afadhali. Majirani walikuwa wanakimbia, wakiteremka Bweremana kando ya ziwa kwa miguu, nao wawafuate.

"Ao hiyo jibini njo itatuzika?" alimuuliza.

Mukantabana alichukua simu. Alipanda kilimani penye mtandao, akitembea ameinama, maana risasi zilisikika ng'ambo ya bonde.

Kamugisha aliongea kwa upole, kama mtu anayemuaga mgeni mlangoni. Alisema vita si kosa lake, na hoteli nazo si kosa lake. Mukantabana akamwacha amalize.

"Kaka, Bihogo amezala. Ndama iko jike."

Kamugisha akauliza haraka:

"Lini?"

"Juzi. Iko na doa nyeupe kwenye paji. Mwenye kunipa ni wewe. Ao nijichukulie, kama mwizi?"

Kamugisha akacheka bila kupenda. "Mama, umenifunga kamba."

Akasema ndama hatolewi kwa simu. Njia ikifunguka atakuja mwenyewe kumkabidhi, na mpaka siku hiyo hataandikiana na mtu mwingine. "Lakini niwakute," akaongeza. "Bihogo na ndama wake, hapo hapo."

"Utawakuta."

Alishuka karibu akimbie kwa furaha, mpaka alipofika uani. Sebagabo alikuwa ameshafunga godoro na sufuria. Ndama alikuwa amesimama chini ya tumbo la Bihogo, miguu ikitetemeka. Huyu hafiki hata kijiji cha pili, sembuse ziwani.

Mukantabana alimweleza mumewe maneno ya Kamugisha juu ya kamba, na alichoahidi. Sebagabo alimtazama ndama, kisha akaanza kulifungua godoro.

"Kumbe kamba iko na ncha mbili," alisema.

Njiani majirani walikuwa wanapita na mizigo, wakiwaita kwa majina. Mukantabana aliingia kibandani, akafunga mlango, akageuza jibini la kwanza.