Mama Elick wa Kulinganishia

Avelina wa Nemba, ambaye majirani humwita Mama Elick, ana tabia moja inayomchosha mumewe: hawezi kuambiwa jambo nusu. Akinunua mfuko wa mbolea anasoma maandishi yote, mpaka anwani ya kiwanda. Akimpeleka mjukuu kliniki anarudi akijua chanjo zinatunzwa kwenye baridi kiasi gani na nani anakaa na ufunguo wa jokofu. Mumewe, Renatus, husema kwamba yeye alioa mke, mkaguzi akaja kama nyongeza.

Kwa hiyo asubuhi ile binti mmoja alipoingia uani na kishikwambi mkononi na kitambulisho shingoni, Avelina alimletea kiti hata kabla ya salamu kwisha. Binti alisema anaitwa Swabaha, kwao ni Ngara mjini ambako baba yake anauza vitambaa, na amekuja kuuliza maswali kwa ajili ya tathmini. Kaya zilikuwa zimechaguliwa kwa kura. Maswali yalikuwa mia moja na kumi na mawili, na kwenye nyumba alizotoka, watu walianza kupiga miayo kabla ya kufika la thelathini.

Kwa Avelina mambo yalikwama kwenye swali la arobaini na saba. Liliuliza kama anafahamu bima ya maafa ya serikali. Akasema hafahamu, na kwamba hawezi kwenda swali la arobaini na nane kabla hajafahamu.

Swabaha akajaribu kumweleza kwa ufupi, ikashindikana, akaeleza kwa urefu. Kwamba kila msimu serikali inalipia bima kwa ajili ya kata kadhaa, Runazi ikiwamo. Kwamba huko juu kuna setilaiti inayotazama mvua na ukijani wa mimea. Mvua ikipungua chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba, kampuni ya bima inalipa mara moja, na halmashauri inanunua mahindi na mbegu kabla watu hawajaanza kuuza mbuzi zao. Zamani, alisema, ukame ulikuwa unakuja kwanza, halafu barua za kuomba msaada, halafu vikao, na mahindi yanafika watu wameshapanda msimu mwingine.

Avelina akauliza kama Nemba nayo imo. Swabaha akatazama kishikwambi chake, kisha akasema taratibu kwamba hapana. Nemba ilichaguliwa kuwa ya kulinganishia, ili ijulikane watu wasio na bima wanaishije ukilinganisha na wenye nayo.

Alitegemea mama huyu atanuna. Avelina akafikiri kidogo, akasema, "Kama kile kipande cha shamba darasa ambacho bwana shamba hakutia mbolea."

"Ndiyo, mama. Hasa hicho."

"Na bila hicho, huwezi kujua kama mbolea imefanya kazi."

Swabaha alikiri kwamba yeye mwenyewe alielekezwa jambo hilo siku mbili nzima kwenye semina, na bado hakulielewa vizuri hivyo.

Tangu siku hiyo Avelina aliushika wadhifa wake kwa bidii. Kila mvua iliponyesha aliweka alama kwenye kalenda ya parokia, nukta moja kwa manyunyu na duara kwa mvua ya kujaza pipa. Swabaha aliporudi mara ya pili alikuta majibu yamepangwa kwa tarehe. Renatus alimuuliza mkewe analipwa nini kwa kazi hiyo. Akajibiwa kwamba kipande kisichotiwa mbolea hakilipwi, kinaangaliwa tu.

Mwaka uliofuata mvua za vuli zilianza vizuri, zikakatika katikati ya Novemba. Mahindi yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, yakakauka yamesimama. Kwenye kalenda, Desemba yote ilipata nukta tatu. Renatus aliuza mbuzi wawili, na kwa mara ya kwanza Avelina hakuuliza swali lolote kwa siku nzima.

Januari alikwenda Runazi kumtazama wifi yake, Febronia, aliyekuwa amejifungua. Alimkuta ana madebe matatu ya mahindi ndani na mbegu za maharage kwenye mfuko mpya. Akauliza vimetoka wapi. Febronia akasema vimetoka kwenye novena, kwa sababu jumuiya yao ilisali siku tisa na siku ya kumi lori likaja. Kwenye mashine ya kusaga aliambiwa mengine. Mmoja alisema ni diwani, kwa kuwa uchaguzi hauko mbali. Bibi Petronila, ambaye anaheshimika sana pale, alisema ni mahindi ya wakimbizi yaliyopotea njia, hivyo wasiulize sana yasije yakarudishwa.

Avelina alisimama kati ya ndoo na viroba, akawaeleza yote. Bima, mkataba, kiwango, setilaiti. Alieleza kwa Kiswahili, na pale Kiswahili kilipogoma akaeleza kwa Kisubi. Wanawake waliokuwa wameshasagiwa hawakuondoka.

"Hiyo setiraiti," Bibi Petronila akauliza, "inamwona na anayeng'oa mihogo yangu?"

"Haimwoni, bibi. Inaona ukijani wa kata nzima, siyo mtu."

Bibi alisikitika kidogo, akasema basi waliitengeneza nusu nusu. Mwingine akataka kujua Nemba ilipata madebe mangapi. Avelina akasema Nemba haikupata kitu, wao ni wa kulinganishia, akawaeleza habari ya kipande kisichotiwa mbolea. Kilichofuata hakukitarajia. Wanawake walimhurumia kiasi kwamba walichota kila mmoja kidogo kutoka kwenye kiroba chake, na alirudi Nemba na debe zima nyuma ya bodaboda.

Mwezi wa tatu Swabaha alikuja mara ya mwisho, na safari hii hakuwa peke yake. Alifuatana na msimamizi wake, bwana mmoja mpole wa miwani aitwaye Khalidi. Walikuwa wametoka Runazi, na huko lilikuwa limewakuta jambo la ajabu. Katika vitongoji vingine karibu hakuna aliyejua mahindi yalitoka wapi. Katika kitongoji kimoja kila mtu alijua, hata wazee, na wote walieleza kwa maneno yale yale, tena na mfano wa shamba darasa ambao haumo kwenye dodoso. Walipouliza waliambiwa kuna mama wa Nemba.

Khalidi alieleza kwa adabu kwamba hakuja kugomba. Ila kipande kisichotiwa mbolea, alisema, kikishaanza kufundisha kipande cha pili, vipimo vinavurugika. Na lile debe nalo, kwa hesabu za kitaalamu, lilikuwa ni bima iliyovuka mpaka.

Avelina aliumia kweli. Alikuwa ameichukua kazi ile kama yake, na sasa anaambiwa ameiharibu. Akaomba radhi. Kisha, kwa kuwa hawezi kuacha, akauliza:

"Lakini baba, nyinyi mlitaka wasijue mpaka lini?"

Khalidi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alisema hilo swali halimo kwenye orodha, ila ataliandika. Swabaha alikuwa ameinamia kishikwambi akijizuia kucheka.

Na kweli liliandikwa. Ripoti iliposomwa halmashauri, Biharamulo mjini, Avelina alialikwa, akakaa kiti cha nyuma na kitenge chake cha Krismasi. Alisikia kwamba mahindi ya bima yalifika wiki saba kabla ya yale ya kuomba, na kwamba kaya za Runazi ziliuza mifugo michache kuliko za Nemba. Alisikia pia kwamba watu hawajui kwamba wana bima, na asiyejua hawezi kudai siku lori lisipokuja. Ilipendekezwa bima ielezwe kwenye mikutano ya vijiji kila msimu, na Nemba iingizwe.

Nemba ikaingizwa. Msimu huo mvua ilinyesha mpaka njia ya mtoni ikakatika, na Avelina alivuna magunia kumi na mawili. Bima haikulipa hata punje.

Majirani wakaja kulalamika kwake. Mmoja wao, Evaristi, aliyevuna hata kumzidi, alisema hiyo setilaiti yake imelala au inaipendelea Runazi. Avelina alimvutia kiti, akaanza mwanzo: mkataba, kiwango, chini ya kiwango. Evaristi akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema ameelewa yote isipokuwa kwa nini hakulipwa. Renatus, aliyekuwa akipukuchua mahindi pembeni, alisogeza kiti chake kwenye kivuli na kumwambia jirani yake akae vizuri, maana sasa ndiyo ataelezwa.